Kampi, Site na Kiwanja: Makazi ya Wafanyakazi Likasi na Katanga ya Juu

Kiswahili cha Katanga hutofautisha kampi na site. Kampi ni makazi yaliyojengwa na mwajiri. Site ni mtaa uliowekwa na serikali ya kikoloni kwa Waafrika wasiokaa kwa mwajiri. Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Imebeba swali ambalo miji yetu imelijibu kwa namna mbalimbali: nani alipie nyumba ya mwenye kipato kidogo?

Amri ya 1922 kuhusu mikataba ya kazi ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi mahali pa kulala. Union Minière ilikwenda mbali zaidi: mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuwaajiri watu kwa mikataba ya miaka mitatu, pamoja na wake zao, na kampi za Panda na Shituru zikapanuka. Kiwanda cha Shituru kilifunguliwa 1929. Bwawa la Mwadingusha, lililozaa ziwa Tshangalele, likafuata 1930. Hivyo bonde la Lufira lilizama ili mitambo ipate umeme. Nyumba za kampi hazikuwa na kodi, lakini hazikuwa mali ya mkaaji: kazi ikikatika, nyumba nayo ilikuwa hatarini.

Jibu la pili lilitoka serikalini. Mwaka 1952 iliundwa Ofisi ya Makazi ya Waafrika, iliyojulikana kwa herufi OCA. Kabla ya uhuru wa 1960 ilikuwa imejenga nyumba karibu 40,000 katika miji mikubwa ya Kongo, Ruashi ya Elisabethville ikiwamo. Wanunuzi walilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Hata hivyo nyumba bora ya bei ya wastani bado ilimpita kibarua, na mwaka 1955 ukaanzishwa Mfuko wa Mfalme kuwasaidia wale ambao mshahara wao haukutosha. Kuundwa kwa mfuko huo, kwa maoni yangu, ni ungamo tosha: kujenga kwa wingi peke yake hakushushi bei hadi chini kabisa.

Jibu la tatu ndilo linalostahili kuchunguzwa zaidi. Huko Elisabethville, chini ya mkuu wa wilaya F. Grévisse, mji ulitoa kiwanja na mkopo wa vifaa, naye mwenye nyumba akajenga mwenyewe au kwa msaada wa fundi. Katuba ilikua kwa njia hiyo. Tusiusifu mno: mtaa huo uliwekwa mbali na mji wa Wazungu kwa makusudi, na wakazi hawakuulizwa. Lakini utaratibu wenyewe ulipunguza gharama palipo nzito, yaani kwenye ardhi na kwenye fedha za kuanzia.

Mwaka 2003 Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa hiari. Kwa familia za kampi, mshahara, shule, hospitali na paa vilitoka mkono mmoja, na vyote vilitikisika pamoja. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani na migodi. Panapofunguliwa mtaa mpya kando ya mgodi, sehemu ya fedha hizo ingeweza kupima viwanja vidogo na kukopesha matofali na mabati, hati ikiandikwa kwa jina la mkaaji na si la mwajiri.