Jiwe la Greenland na Madini ya Alumini

Katika madini yote yaliyomo katika ukoko wa dunia, hakuna yanayoizidi alumini kwa wingi: katika kila sehemu mia za ukoko huo kwa uzani, karibu nane ni alumini. Imo katika udongo wa mfinyanzi, imo katika matofali ya nyumba, imo katika ardhi nyekundu ikanyagwayo na kila mpita njia. Hata hivyo binadamu alifua chuma, shaba na dhahabu kwa maelfu ya miaka asiijue, na alipoijua, katika karne ya 19, aliihesabu kuwa kitu cha fahari mfano wa fedha. Sufuria zinazopangwa leo kwa mafungu katika masoko ya Afrika Mashariki zingalikuwa, mwaka 1855, hazina ya mfalme.

Kizuizi kilikuwa ule mshikamano wa alumini na oksijeni. Mhunzi wa zamani alipotaka chuma alichanganya mawe yake na makaa, akavukuta. Kaboni ya makaa ikayanyang'anya mawe oksijeni, na chuma kikatengana na mavi yake. Alumini haikubali kunyang'anywa hivyo. Wala haikuwezekana kuiyeyusha ilivyo na kuipasua kwa umeme, kwa kuwa oksidi yake, unga mweupe uitwao alumina, hauyeyuki mpaka joto lipite digrii 2,000 za sentigredi, na hakuna chungu cha karne ile ambacho kingeustahimili moto huo kwa kazi ya kila siku. Hans Christian Ørsted alipata donge dogo la alumini katika mji wa Copenhagen mwaka 1825. Friedrich Wöhler akaipata kwa namna ya unga huko Berlin mwaka 1827. Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville ndiye aliyeifanya kuwa kazi ya kiwanda, tangu mwaka 1854, kwa kutumia sodiamu iinyang'anye alumini klorini yake. Mfalme Napoleon wa Tatu alimsaidia kwa fedha, na vipande vya madini hayo vilionyeshwa katika maonyesho makuu ya Paris mwaka 1855. Lakini sodiamu yenyewe ilikuwa ghali. Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington mwaka 1884, kilele walichoweka juu yake kilikuwa cha alumini, uzito wake kilo tatu kasoro, na kipande kidogo hivyo kilihesabiwa kuwa tunu.

Ufunguo ulikuwa katika jamii nyingine kabisa ya mawe. Tangu zamani wachimba madini wa Ujerumani walijua jiwe moja zuri, mara zambarau, mara kijani, lisilotoa madini yoyote ya kufuliwa, ila likitiwa katika tanuri hufanya mavi ya madini yawe mepesi na kutiririka, ndipo madini yenyewe yakatengana nayo kwa urahisi. Tabibu Georgius Agricola, aliyeishi kati ya wachimbaji hao, aliandika habari za mawe ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1530, na tena katika kile kikubwa kilichotoka mwaka 1556, baada ya kufa kwake. Jina alilolipa lilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kutiririka, na katika jina hilo ndimo lilimotoka jina la florini, na la floraidi, yaani viungo vya florini na madini mengine. Hivyo jina lenyewe ni ushahidi wa matumizi: watu walizijua floraidi tanurini kwa karne tatu na zaidi kabla mtu yeyote hajaiona florini peke yake.

Floraidi iliyohitajiwa na alumini ilipatikana mahali pamoja tu kwa wingi wa kuchimbwa. Mahali hapo ni Ivigtut, katika ghuba ya Arsuk, kusini-magharibi ya Greenland. Wenyeji walilijua jiwe lile muda mrefu kabla ya wageni. Ni jeupe, lang'aa kama mafuta yaliyoganda, na kipande chake kisafi kikitiwa majini karibu hakionekani, maana hupindisha mwanga karibu sawa na maji yenyewe. Wataalamu wa Ulaya walilieleza mwaka 1799, nao wakaliita krioliti, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya jiwe la baridi kali. Ndani yake mna sodiamu, alumini na florini. Uchimbaji ulianza katika miaka ya 1850, wala si kwa ajili ya alumini. Mkemia wa Denmark, Julius Thomsen, alikuwa amegundua njia ya kulichoma pamoja na chokaa apate magadi, na magadi yalikuwa na soko kubwa kwa watengenezaji wa sabuni na kioo. Kiwanda kikajengwa Copenhagen, na toka miaka ya 1860 sehemu kubwa ya mawe ya Ivigtut ilikwenda Pennsylvania kwa kazi hiyohiyo. Basi kwa miaka thelathini jiwe ambalo lingeitoa alumini katika ufalme wake lilikuwa likipikiwa sabuni.

Mwaka 1886 ndio mwaka wa ajabu katika habari hizi. Kule Oberlin, katika jimbo la Ohio, kijana Charles Martin Hall alikuwa amemaliza masomo ya chuo mwaka uliotangulia. Mwalimu wake, Frank Jewett, alikuwa na kipande cha alumini alichokuja nacho kutoka Ulaya, naye aliwaambia wanafunzi kwamba mtu atakayeigundua njia rahisi ya kuitengeneza atawafaa watu na kujitajirisha mwenyewe. Hall alitengeneza maabara katika banda la kuni nyuma ya nyumba ya baba yake, na betri zake alijiundia kwa mkono. Alijaribu floraidi moja baada ya nyingine, nyingine zikashindwa kuyeyuka, nyingine zikashindwa kuyeyusha alumina. Mwezi wa Februari akaijaribu krioliti. Ilipoyeyuka, alumina ilizama ndani yake na kutoweka kama sukari katika maji ya moto. Hata hivyo jaribio la kwanza la umeme halikutoa alumini. Hall akatambua kwamba chungu chake cha udongo kilikuwa kikilika na kuuchafua mchanganyiko. Akakitandika kaboni kwa ndani. Tarehe 23 Februari 1886 alikivunja kilichoganda, akakuta vitone vya madini meupe.

Dada yake, Julia Hall, alikuwapo. Naye alikuwa amesoma kemia katika chuo kile kile, na alifuata majaribio ya nduguye siku kwa siku. Habari hii si pambo la hadithi. Mfaransa Paul Héroult, mwenye umri sawa na Hall, kwa kuwa wote walizaliwa mwaka 1863, alikuwa amefika mahali palepale kwa njia yake. Alikuwa amekisoma kitabu cha Deville tangu ujana, na majaribio yake aliyafanya katika kiwanda cha ngozi cha baba yake huko Gentilly, karibu na Paris. Alitia hati yake kwa serikali ya Ufaransa tarehe 23 Aprili 1886. Hall akatia yake Marekani tarehe 9 Julai. Kwa tarehe za hati, Mfaransa alikuwa mbele. Lakini sheria ya Marekani ya wakati ule iliuliza ni siku gani kitu kilivumbuliwa, nayo ilimhesabia mgeni tarehe ya hati yake tu. Hall akahitaji mashahidi wa siku ile ya Februari, na ushahidi wa Julia, pamoja na barua zenye tarehe, ndio uliomwokoa. Hati ya Marekani ikatolewa tarehe 2 Aprili 1889, ikiwa na jina moja tu, la Charles. Wanaoandika historia ya uvumbuzi wamekawia kulirudisha jina la Julia mahali pake, na hata sasa vitabu vingi vya shule havimtaji.

Héroult naye alipata mkasa wake. Alimwendea Alfred Pechiney, aliyekuwa bwana wa alumini ya njia ya zamani katika Ufaransa, naye akajibiwa kwamba madini hayo hayana matumizi mengi. Akaenda Uswisi, na mwaka 1888 kazi ikaanza Neuhausen, penye maporomoko ya mto Rhine. Mwaka huohuo kampuni ya Hall ilianza Pittsburgh. Na tarehe 26 Juni ya mwaka ule ule wa 1886, Henri Moissan huko Paris alifaulu kuitenga florini yenyewe, hewa ya manjano hafifu iliyokwisha kuwadhuru wakemia kadhaa waliotangulia kuisaka. Mtu aweza kuyaita hayo bahati, lakini kinga na kinga ndipo moto uwakapo: mashine za kuzalisha umeme zilikuwa zimeboreshwa tangu mwaka 1871, na bila mashine hizo krioliti ingebaki jiwe la magadi. Hall na Héroult walifariki wote mwaka 1914.

Kazi ya krioliti katika tanuri yaeleweka bila shida. Huyeyuka kwa digrii 1,000 hivi, na ikichanganywa na alumina na floraidi ya alumini hubaki maji kwa digrii 960 au chini kidogo. Mkondo wa umeme hupita ndani ya maji hayo. Oksijeni huiendea nguzo ya kaboni na kuila, ikatoka kama hewa ya ukaa. Alumini, kwa kuwa ni nzito kidogo kuliko maji yaliyo juu yake, hutulia chini ikifunikwa isiungue. Krioliti haitumiki kama alumina itumikavyo. Ni bahari ambamo kazi hufanyika. Kinachotumika bila huruma ni umeme, kilowati-saa 13 mpaka 15 kwa kila kilo moja, na ndiyo sababu viwanda vya alumini vilifuata maporomoko ya maji kuliko machimbo. Ghana ilipojenga bwawa la Akosombo, lililozinduliwa mwaka 1966, kiwanda cha alumini cha Tema ndicho kilichokusudiwa kuwa mnunuzi mkubwa wa umeme wake. Bei ya alumini Marekani ilikuwa dola 4.86 kwa ratili mwaka 1888. Mwaka 1893 ilikuwa senti 78.

Vita vikuu vya pili viliifanya Ivigtut kuwa jambo la majeshi. Denmark ilipotekwa mwezi Aprili 1940, Marekani ilihofia machimbo yale, maana ndege za vita zilitaka alumini. Na mwaka 1941 ikafanya mapatano na balozi wa Denmark huko Washington, Henrik Kauffmann, ya kuilinda Greenland.

Lakini zipo hesabu nyingine zisizoandikwa katika bei. Katika kiwanda cha Copenhagen wanaume na wanawake walisaga na kuchambua krioliti katika vumbi jeupe miaka nenda rudi. Mwaka 1932 madaktari wawili wa Denmark, waliokuwa wakitafuta ugonjwa wa mapafu kwa eksirei, waliona jambo jingine: mifupa ya wafanya kazi ilikuwa mizito na myeupe kuliko kawaida. Daktari kijana Kaj Roholm akalishika suala hilo, akawapima wafanya kazi 68, na mwaka 1937 akatoa kitabu kikubwa juu ya sumu ya florini. Alieleza jinsi floraidi inavyojikusanya katika mifupa, ikaifanya migumu na mizito, na jinsi kano za uti wa mgongo zinavyogeuka mfupa mpaka mtu hawezi kuinama. Kitabu hicho kimekuwa msingi wa elimu hiyo duniani. Moshi wa matanuri nao ulipotua juu ya majani ya malisho, ng'ombe waliharibika meno na miguu. Viwanda vya baadaye vililazimika kuunasa moshi huo na kuirudisha floraidi tanurini, jambo ambalo liliwafaa ng'ombe na wahasibu pamoja.

Ugonjwa wa wafanya kazi wa Copenhagen si mgeni katika Bonde la Ufa. Miteremko ya mlima Meru, na nchi nyingi za volkano kaskazini ya Tanzania na Kenya, ina maji yenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Tofauti iko katika umri. Wale wa kiwandani waliipata wakiwa watu wazima, meno yao yamekwisha jengeka, basi mifupa ndiyo iliyoumia. Mtoto wa Arusha huinywa wakati meno yangali yakijengwa, nayo hutoka na madoa ya kahawia ambayo hayafutiki. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto maji husafishwa kwa kuchujwa katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sifa ileile ya mfupa, ya kuikamata floraidi na kutoiachia, iliyowapinda migongo wafanya kazi wa krioliti, hapo imefanywa kuwa chujio.

Mawe ya Ivigtut yalikwisha, na machimbo yakafungwa mwaka 1987. Alumini haikusimama kwa ajili hiyo, kwa sababu viwanda vilikuwa vimejifunza zamani kutengeneza krioliti na floraidi ya alumini kwa tindikali itokanayo na jiwe lile la zambarau la Agricola. Jiwe hilo lilichimbwa pia Kimwarer, katika bonde la Kerio nchini Kenya, likapelekwa ng'ambo kwa njia ya Mombasa. Machimbo hayo yalisimama mwaka 2016, bei ya dunia ilipoanguka, na madai ya fidia ya jamaa waliohamishwa kupisha uchimbaji yalikuwa bado hayajamalizika.