Kitambi, tansio na moyo

Huku kwetu, mtu akitoka Alimbongo kwenda kuishi Butembo, na baada ya mwaka akarudi na kitambi, watu humsifu: "Umenona, kweli mji umekukubali!" Aliyekonda huulizwa ana ugonjwa gani. Tunaelewa mazoea hayo. Mahali ambapo watu wamejua njaa na kukimbia vita, unene ni alama ya amani. Lakini tansio haiumi, na wengi huijua siku wanapoanguka.

Moyo ni msuli unaosukuma damu usiku na mchana. Mwili ukinenepa, mafuta nayo yanadai damu, basi moyo unaongezewa kazi. Ukuta wake unakuwa mnene na mgumu, na baada ya miaka unachoka: pumzi inakatika kwenye kilima kidogo, miguu inavimba jioni. Mafuta ya tumboni ni mabaya kuliko yale ya mapajani, kwa sababu yanazunguka ini na matumbo, yanapandisha tansio na kuleta ugonjwa wa sukari. Mshipa wa moyo ukiziba, moyo unashikwa ghafula. Ule wa ubongo ukiziba au kupasuka, mtu anapooza upande mmoja.

Kamba ya fundi wa nguo inatosha kujipima. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako: mama mwenye sentimita 160 asipite 80. Mwenye mizani achukue kilo zake, azigawanye kwa urefu wake wa mita, kisha agawanye tena kwa urefu uleule. Kilo 80 kwa mita 1,60 inatoa 31. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa hatari. Tansio ya 14 kwa 9 au zaidi, ikirudi hivyo siku nyingine, inahitaji munganga.

Alimbongo iko juu ya mita 2 000, kwenye barabara ya taifa namba 2 kati ya Kanyabayonga na Lubero. Huko mtu anapanda mlima na jembe, anashuka na mzigo wa viazi, na bugali wote unaishia shambani. Tangu vita vilipoingia Lubero ya kusini mwaka 2024, wengi wamehamia mijini. Mtu asifikiri kwamba mkimbizi hawezi kunenepa: chakula rahisi cha mjini ni bugali, mandazi na mafuta, na siku nzima anakaa tu.

Hatumwambii mtu aache bugali. Apunguze nusu yake, aweke maharagwe, kabichi au lengalenga. Sombe ni nzuri, lakini mara nyingi inaogelea katika mawese. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, na karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha kolesteroli. Tupime kwa kijiko, tusimimine kutoka bidoni. Chumvi isipite kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyo ndani ya kubu za mchuzi. Soda za arusi zetu, tuseme ukweli, ni sukari tupu. Halafu tutembee: dakika 30, siku tano kwa juma, moto ibaki kwa safari ndefu. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 tu, tansio yake tayari inaanza kushuka.

Kufunga na kuomba si dawa ya kupunguza kilo. Anayefunga siku tatu kisha akala kwa wawili hajapata kitu. Mwenye kumeza dawa za tansio au sukari asiziache kwa sababu ya mfungo. Amwone munganga kwanza, maana dawa ya sukari bila chakula inaweza kumzimisha.

Linalotusikitisha zaidi ni vidonge vya kunenepesha. Katika Kongo yetu, Kinshasa hasa, wasichana wengi humeza deksametazoni ili wapate umbo. Hiyo ni dawa ya magonjwa makali: inajaza uso maji, inapandisha tansio na sukari, inalegeza mifupa. Aliyeimeza kwa miezi asiikate kwa siku moja, kwa sababu mwili umeacha kujitengenezea homoni yake. Aende kituo cha afya, aseme wazi alichomeza, wampunguzie kidogo kidogo.