Kitunguu saumu: Kemikali inayoua viini, na mipaka yake

KITUNGUU saumu, ambacho wakazi wengi wa Pwani hukiita thomu, kimetumiwa kwa karne nyingi kama kiungo cha chakula na pia kama dawa.

Cha kushangaza ni kwamba punje nzima ya kitunguu hiki haina harufu kali, wala haina kemikali ile inayosifika kwa kuua viini. Ndani yake mna vitu viwili vilivyotengwa: aliini, ambayo ina salfa, na kimeng'enya kiitwacho aliinasi.

Punje inapopondwa, kukatwa au kutafunwa, viwili hivyo hukutana na kwa muda wa sekunde chache huzalisha alisini. Hii ndiyo silaha ya mmea dhidi ya wadudu na kuvu, na ndiyo asili ya harufu yake.

Alisini ilitambuliwa mwaka 1944 na wanakemia wa Marekani, Chester Cavallito na John Hays Bailey. Miaka michache baadaye, Arthur Stoll na Ewald Seebeck wa Uswisi waligundua aliini.

Alisini hupenya utando wa bakteria na kushikamana na salfa iliyomo katika protini zake. Kwa kuwa hushambulia vimeng'enya vingi kwa wakati mmoja, viini hupata ugumu kujenga usugu. Katika maabara, imeua bakteria wa aina nyingi, wakiwemo baadhi ya wale wasiosikia dawa za kawaida.

Hata hivyo, ushindi wa maabara si tiba ya mgonjwa. Alisini haidumu, na ikishaingia mwilini huvunjika upesi. Hivyo basi, haiwezi kuchukua nafasi ya dawa za homa ya matumbo au nimonia, na anayechelewa kwenda hospitalini kwa kuitegemea huhatarisha maisha yake.

Joto nalo huharibu aliinasi. Punje ikipikwa nzima, alisini haitokei kamwe au hutokea kidogo mno. Inafaa kuiponda na kuiacha kwa takriban dakika 10 kabla ya kuitia jikoni.

Aidha, kitunguu kibichi kikifungwa kwenye ngozi, hasa ya mtoto, chaweza kuichoma. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, na wanaosubiri upasuaji wanapaswa kumweleza daktari iwapo wanakitumia kwa wingi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kuwa vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha sakwinaviri, dawa ya kukabili virusi vya Ukimwi, katika damu.

Kitunguu saumu kilichohifadhiwa ndani ya mafuta pasipo baridi pia chaweza kuzalisha sumu ya botulini. Mwaka 1985, watu kadhaa waliugua kwa njia hiyo mjini Vancouver, Kanada.