Uchovu wa Metali: Kwa Nini Ekzosi Hupasuka Palepale

Uchovu wa metali ni kudhoofika kwa chuma, alumini au metali nyingine kutokana na mkazo unaojirudia, hadi ufa unaanza, unakua, na mwisho kipande kinakatika. Mkazo wenyewe huwa mdogo. Ukija mara moja tu, hauachi hata alama. Nguvu yake iko katika kurudi maelfu na mamilioni ya mara. Kwa hiyo istilahi hii haielezi ajali ya ghafla, kama gari kugonga jiwe, wala haielezi uzee. Inaeleza hesabu.

Hesabu hiyo huonekana wazi katika ekzosi ya gari dogo linalotembea nchi kavu na majini. La aina hiyo linalojulikana zaidi ni Argo, la magurudumu sita au manane, linalotengenezwa Ontario, Kanada, tangu 1967. Bodi yake ni ya plastiki ngumu ya polietilini isiyopitisha maji. Magurudumu yote huzungushwa kwa cheni, na likiingia majini kashata za matairi ndizo zinazopiga maji na kulisogeza mbele. Kwa kawaida halina springi kama gari la barabarani: matairi laini yenye upepo mdogo ndiyo yanayopokea mashimo na visiki, na kinachobaki hupanda moja kwa moja kwenye chasisi. Injini na ekzosi vimebanana ndani ya bodi, kwa sababu ukitoboa bodi ovyo gari haliwezi tena kuelea.

Malalamiko kuhusu ekzosi za magari ya namna hii hufanana. Bomba linapasuka karibu na injini, linachomelewa, linafanya kazi muda mfupi, kisha linapasuka tena, palepale au sentimita mbili tatu kutoka kwenye mshono mpya. Lawama huenda kwa fundi wa kuchomelea au kwa chuma chenyewe kuwa hafifu. Mara nyingi wote wawili hawana kosa.

Tuchukue injini inayozunguka mara 3,600 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 60 kwa sekunde, au 216,000 kwa saa, na kila mzunguko unalitikisa bomba. Ikifika saa ya 46 ya kazi, bomba limeshatikiswa karibu mara milioni kumi. Mwenye gari atasema ekzosi ni mpya, ina miezi miwili tu. Kwa kipimo cha uchovu, ekzosi hiyo ina umri mkubwa, maana uchovu hauhesabu miezi.

Joto nalo lina zamu yake. Bomba la feleji lenye urefu wa mita moja, joto lake likipanda kwa nyuzi 500 za Selsiasi, hurefuka kwa milimita 6 hivi, na aina nyingi za stenlesi hurefuka zaidi ya hapo. Likiwa limekazwa kwa bolti ncha zote mbili, halina pa kurefukia. Linajikunja na kuyasukuma maungio yake. Gari likiingia mtoni wakati bomba bado ni la moto, maji yanayolirukia husinyaza upande mmoja kabla ya mwingine. Kila kuwasha na kuzima, kila kuingia na kutoka majini, ni mkunjo mmoja zaidi. Hali hii wataalamu huitenga kwa jina lake, uchovu wa joto: mizunguko yake ni michache kuliko ya mtetemo, lakini kila mmoja ni mzito.

Jambo lenyewe lilianza kuchunguzwa Ulaya katika karne ya 19. Wilhelm Albert, ofisa wa migodi huko Clausthal, Ujerumani, alijaribu minyororo ya kupandishia madini kwa kuipakia na kuipakua mara nyingi, akachapisha matokeo yake mwaka 1837. Mwaka 1842 ekseli ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, watu wengi wakafa, na swali la kwa nini chuma kizima hukatika likawa la umma. Mwaka 1854 Mwingereza Frederick Braithwaite aliandika makala iliyotaja uchovu wa metali kwa jina hilohilo katika kichwa chake. August Wöhler wa reli za Prussia ndiye aliyeleta vipimo, akionyesha kufikia 1870 kwamba kinachoamua si mzigo peke yake bali ukubwa wa mkazo pamoja na idadi ya marudio. Ndege mbili za abiria aina ya Comet zilizosambaratika angani mwaka 1954 ziliwafundisha wahandisi somo hilohilo kwa gharama ya maisha ya abiria.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chake. Neno *uchovu* lina faida: ni jepesi, linazaa vitenzi na vivumishi bila shida, na msomaji analielewa kabla ya kufasiliwa. Lakini lina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba Kiswahili cha kila siku tayari husema gari limechoka, shati limechoka, nyumba imechoka, na maana yake ni kuzeeka na kuchakaa. Msomaji akikutana na uchovu wa metali atadhani ni sifa ya vitu vikuukuu, ilhali ekzosi iliyotoka dukani mwezi uliopita inaweza kufa kwa uchovu. Mtego wa pili ni kwamba mtu aliyechoka akilala huamka na nguvu. Chuma hakina usingizi. Ufa ulioanza wiki iliyopita utakuwapo leo, hata kama gari limesimama bandani siku zote hizo, na injini ikiwaka unaendelea pale ulipoishia.

Wapo wanaoandika *uchakavu wa metali*. Hili tulikatae, kwa sababu uchakavu ni kupungua kwa kitu kwa kusuguana, kama meno ya gia au beringi, na huonekana kwa jicho na kupimika kwa unene. Bomba lililopasuka kwa uchovu unaweza kukuta unene wake haujapungua hata kidogo. *Kuchoka kwa chuma* nako kunaiacha nje alumini. Inabaki *uchovu wa metali*, mradi ifasiliwe kwa marudio, na tuambatanishe nayo jamaa zake. *Mzunguko wa mkazo* ni mara moja ya kukazwa na kulegezwa. *Kikomo cha uchovu* ni kiwango cha mkazo ambacho chini yake feleji inaweza kustahimili marudio karibu bila mwisho. Alumini haina kikomo hicho, na feleji nayo hukipoteza ikiwa ndani ya maji ya chumvi na kutu, jambo linalolihusu moja kwa moja gari linaloogelea.

Jamaa wa tatu anahitaji jina zuri. Sehemu iliyokatika kwa uchovu mara nyingi huwa na uso wa namna mbili. Upande ufa ulipoanzia ni laini, wenye mistari iliyopindana, mmoja nje ya mwingine; upande uliokatika mwisho, kwa nguvu, ni wa chengachenga. Mistari ile inafanana na inayoachwa mchangani bahari inapokupwa, na napendekeza iitwe *alama za kupwa*. Kwenye bomba jembamba la ekzosi masizi na msuguano huweza kuzifuta, lakini zikiwapo huelekeza kule ufa ulikozaliwa.

Istilahi ikieleweka hivyo, uchunguzi hubadilika. Swali la ni nani aliyechomelea vibaya huahirishwa, na swali la kwanza huwa: kitu gani kinalitikisa bomba hili, na limefungwa wapi? Anza na injini ikiwa imezimwa na kupoa. Tafuta michirizi ya masizi kwenye flenji na pembeni mwa mishono, maana pale ndipo gesi inapotoroka. Shika injini uitikise kwa mkono: ikicheza kupita kiasi, mauntini za raba zimekwisha au bolti zake zimelegea. Kisha legeza klempu na bolti za ekzosi. Bomba likiruka pembeni na kuachana na flenji, ujue lilifungwa kwa kulazimishwa, na mkazo huo limeubeba mchana na usiku.

Chunguza pia sailensa imeshikwa na nini. Ikiwa injini imekaa juu ya raba na inacheza, huku sailensa imefungwa kwenye chasisi isiyocheza nayo, bomba la katikati ndilo linalolipa tofauti hiyo kila sekunde. Dawa ni mojawapo ya mbili: sailensa ibebwe na injini yenyewe kwa mkono imara wa chuma ili vitikisike pamoja, au katikati iwekwe sehemu ya bomba la kunyumbulika, lile lililosukwa kwa nyuzi za stenlesi. Kubandika bati nene juu ya ufa hakusaidii sana; kunafanya mahali pale pawe pagumu, na mkazo unahamia pembeni mwa bati. Kama ni lazima kuchomelea, toboa kwanza tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, ndipo uchomelee. Wakati wa kufunga, bolti zote zizungushwe kwa vidole kwanza, kisha zikazwe kwa spana kuanzia upande wa injini.

Jambo hili si la kupuuza. Ekzosi iliyopasuka ndani ya bodi iliyofungwa humwaga kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, karibu na walioketi. Moshi wa moto ukipiga bodi nao ni hatari, kwa sababu polietilini ya aina hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi.

Walimu wa ufundi na waandishi wa miongozo ya magari waandike *uchovu* pale penye marudio ya mkazo, *uchakavu* pale penye msuguano, na *kutu* pale penye kutu. Kwa mwenye gari neno ni fupi zaidi: ekzosi ikikatika mara ya pili mahali palepale, usiipeleke kuchomelewa kabla hujakagua mauntini na vishikizo vyake.