Kilimo Hai, Kuku Hai na Bei ya Nyanya

Mwambie muuza kuku yeyote wa Dar es Salaam kwamba unataka kuku hai. Atafungua tenga akushikishe jogoo anayepigapiga mbawa, na atakuwa sahihi kabisa. Kwa Kiswahili cha sokoni, kuku hai ni yule ambaye hajachinjwa, hata kama amelelewa bandani kwa pumba na antibiotiki. Ukifika Kilimanjaro utata unazidi, kwa kuwa kahawa ya Hai ni kahawa ya Wilaya ya Hai, iwe imepigwa dawa au haikupigwa.

Istilahi yetu ya kile Waingereza wanachokiita organic farming ni kilimo hai. Ikishikamana na neno "kilimo" inaeleweka vizuri. Ikibanduliwa hapo na kubandikwa kwenye chakula chenyewe, kama wanavyofanya baadhi ya wauzaji wanaoandika "asali hai" au "unga hai", inapoteza maana. Nyanya za kilimo hai ni sawa. Nyanya hai ni kitu gani? Huenda msomaji akaona huu ni ukorofi wa kisarufi, lakini hoja ya fedha imejificha papo hapo kwenye neno "kilimo". Kinacholipiwa zaidi ni namna ya kulima: udongo ulivyorutubishwa, magugu yalivyong'olewa, wadudu walivyozuiwa. Nyanya yenyewe haina alama mwilini ya kukuonyesha hayo. Huwezi kuyaona kwa macho wala kuyaonja, hivyo mnunuzi analipia kilimo na kulipia ushahidi wa kilimo hicho. Ushahidi usipokuwepo, kilichobaki ni hadithi ya muuzaji.

Wazo lenyewe la kilimo hai lilipata jina lake la Kiingereza mwaka 1940, Lord Northbourne wa Uingereza alipochapisha kitabu cha Look to the Land. Alilitazama shamba kama kiumbe kimoja, ambamo udongo, mimea, mifugo na mkulima ni viungo vinavyotegemeana. Mwaka huohuo Albert Howard, aliyekuwa amefanya utafiti wa kilimo India kwa miaka mingi na kuupa utengenezaji wa mboji utaratibu wa kisayansi kule Indore, alitoa chake, An Agricultural Testament. Kwa hiyo aliyechagua "hai" alilenga panapostahili: jambo lilianza na uhai wa shamba. Wafaransa na Wajerumani nao walipita njia hiyohiyo, na pakiti zao zinaandikwa bio, kwa maana ya uhai.

Kuna neno jingine linalojipenyeza katika ripoti na vipeperushi, "-a kikaboni", au "ogani" kwa wavivu. Hilo limetoka kwenye kemia, na ukilifuata kwa uaminifu litakufikisha pabaya. Kikemia, DDT ni kampaundi ya kikaboni. Glifosati, ile dawa ya magugu, nayo ni ya kikaboni. Upande wa pili, mrututu ambao wakulima wa kahawa wanaufahamu tangu enzi za babu zao ni chumvi ya shaba na hauna kaboni hata chembe. Hata hivyo, ukichanganywa na chokaa kuzuia ukungu, kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya zinauruhusu, mradi shaba inayoingia shambani isizidi kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Neno "kikaboni" basi linakaribisha DDT na kuufukuza mrututu. Tuliache kwa wanakemia.

Mfano huo wa mrututu unaondoa pia dhana iliyoenea kwamba kilimo hai maana yake ni kilimo kisicho na dawa. Dawa zipo. Pareto inayolimwa nyanda za juu za Tanzania na Kenya hutoa kiuatilifu kinachokubalika katika kilimo hai, na mwarobaini vilevile. Zilizopigwa marufuku, isipokuwa chache kama mrututu, ni zile zilizoundwa viwandani, pamoja na mbolea za viwandani na mbegu zilizobadilishwa vinasaba.

Halafu kuna "kienyeji" na "asili", maneno mawili yanayouza sana. Kuku wa kienyeji ni habari ya mbegu na malezi. Nyama yake ni ngumu, mchuzi wake una ladha, na watu wako tayari kumlipia zaidi kuliko wa kisasa. Lakini hakuna anayekagua alichodonoa, na nyanya ya mbegu ya kienyeji inaweza kuwa imepuliziwa dawa nyingi kuliko ya kisasa. Neno "asili" halibebi ahadi yoyote inayoweza kupimwa. Asali, unga, juisi na mafuta ya nywele vyote vinaitwa hivyo. Mimi nikiliona kwenye kifungashio naliruka.

Ahadi inayopimika tunayo. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, na nembo yake ikaitwa Kilimohai, kwa neno moja. Njia za kuipata ni mbili. Ya kwanza ni kukaguliwa na taasisi ya ithibati, gharama ambayo wanaouza nje ya nchi, kwa mfano wa viungo vya Zanzibar au pamba ya Meatu, wanaimudu kwa kuwa wanunuzi wao wa Ulaya wanaidai. Ya pili ni udhamini shirikishi: wakulima wadogo wanaunda kikundi, wanakaguana shamba kwa shamba kwa kanuni walizokubaliana, na kikundi kizima kinabeba lawama mmoja akidanganya. Mlaji wa Arusha au Morogoro akiikuta nembo kwenye fungu la mchicha, mara nyingi njia hii ya pili ndiyo iliyotumika.

Sasa mfuko. Wanaonunua kwa kutafuta lishe zaidi nadhani wanalipa zaidi ya wanachopata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia mwaka 2012 tafiti zaidi ya 200 na hawakuona ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho zaidi. Timu iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle ilijibu mwaka 2014 kwa uchambuzi wa machapisho 343, ikakuta antioksidanti nyingi zaidi na kadimi, metali yenye sumu, kidogo zaidi. Mabishano hayajaisha, lakini kwa familia ambayo mboga haitoshi mezani, mafungu mawili ya mchicha wa kawaida yana faida kuliko fungu moja la gharama.

Kwenye masalia ya viuatilifu tofauti inaonekana wazi. Katika mapitio yaleyale ya Stanford, asilimia 7 ya sampuli za kilimo hai zilikutwa na masalia, dhidi ya asilimia 38 za kilimo cha kawaida, ingawa nyingi zilikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Kubaki chini ya kiwango hicho, hata hivyo, kunategemea mkulima kusubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kati ya kupuliza na kuvuna. Hapo ndipo nyanya yetu inaponitia shaka. Tangu kantangaze aingie nchini, mkulima wa nyanya anapigana na mdudu anayejichimbia ndani ya jani na tunda, na ukungu unamsubiri mvua zikianza. Anapuliza mara kwa mara, na lori la mnunuzi likitokea kabla siku hazijatimia, anavuna. Ule unga mweupe unaouona kwenye nyanya za tenga si vumbi la barabarani pekee.

Kwa hiyo fedha ya ziada, kama ipo, ningeipeleka kwenye vinavyopulizwa sana na kuliwa na ganda lake au majani yake: nyanya, hoho, sukuma, kabichi, na matunda laini. Nanasi, parachichi, ndizi na nazi vina ganda tunalolitupa. Muhogo na magimbi wakulima wetu wengi hawavipigi dawa kabisa, kwa kuwa hawana fedha ya dawa wala sababu. Kulipa bei ya nembo kwa muhogo wa namna hiyo ni sadaka kwa muuzaji.

Mahindi na karanga vina hesabu yake. Sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilikuwa sumukuvu, inayotengenezwa na kuvu, na kuvu haijali shamba lilirutubishwa kwa samadi au kwa urea. Hapo lipia nafaka iliyokaushwa vizuri na kupembuliwa, nembo iwepo au isiwepo. Mboga zinazomwagiliwa kwa maji ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, nazo zinaweza kuwa hazijaonja kiuatilifu, na bado maji yenyewe yakawa yamebeba majitaka ya jiji.

Bei kubwa ina sababu zake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Nature ulikuta mavuno ya kilimo hai yakiwa pungufu kwa kati ya asilimia 5 na 34, kutegemea zao na mazingira. Palizi ni ya mkono, mboji ni ya kubeba kichwani, na Ulaya mkulima anayehama hukaa miaka 2 hadi 3 akifuata kanuni kabla mavuno yake hayajaruhusiwa kuitwa bio. Anayenufaika kuliko wote pengine hata si mlaji. Ni kijana anayebeba bomba la dawa mgongoni bila barakoa wala glovu, ambaye kipimo chake cha sumu ni kikubwa mara nyingi kuliko cha mtu anayekula kachumbari mjini. Mwenye uwezo akinunua kwa sababu hiyo, simbishii.

Biskuti na soda zenye nembo za kilimo hai kutoka nje, zilizopangwa kwenye rafu za supamaketi, ni biskuti na soda. Muuzaji wa mboga naye muulize mambo mawili tu: kikundi chenu kinaitwaje, na nani aliwakagua mara ya mwisho. Wa udhamini shirikishi huwa anazo namba za wenzake, na wengi wanakukaribisha shambani.