Kalamu za Mwigo: Kutoka Janesville hadi Shanghai

Walimu wenzangu wengi wa rika langu wataikumbuka kalamu nyembamba ya wino yenye kifuniko cha chuma king'aacho, ambayo nibu yake huchungulia kidogo tu mfano wa kichwa cha kobe. Wengi wetu tulipokuwa wanafunzi tuliitazama kwa tamaa mfukoni mwa mwalimu. Kalamu hiyo ni Hero 616, iliyotengenezwa Shanghai, China, kwa kufuata umbo la Parker za Marekani. Mimi hukusanya kalamu za namna hiyo, zile za bei nafuu zilizoiga kalamu mashuhuri, na mara nyingi huulizwa: kwa nini uhifadhi vitu vya bandia? Makala haya mafupi yanakusudia kulijibu swali hilo.

Yafaa tuanze na chimbuko lenyewe. George Safford Parker alikuwa mwalimu wa telegrafu mjini Janesville, katika jimbo la Wisconsin. Ili kuongeza pato lake, aliwauzia wanafunzi kalamu za wino. Zilipovuja, yeye ndiye aliyezitengeneza, hata akaona ni afadhali abuni ya kwake. Mwaka 1888 akaanzisha kampuni. Hivyo kalamu iliyokuja kuwa fahari ya wakubwa duniani ilitokana na adha za darasani.

Mwaka 1939, kampuni hiyo ilipotimiza miaka 51, mtindo mpya ulikuwa tayari, nao ukaitwa Parker 51. Ulianza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1941 kwa dola 12.50, bei ambayo siku hizo haikuwa ndogo. Wabunifu wake walitaka kutumia wino ukaukao upesi karatasini. Lakini wino wa namna hiyo ungekauka pia kwenye nibu iliyo wazi; kwa hiyo nibu ikafunikwa, ikabaki ncha tu. Umbo tulilolidhania kuwa pambo lilikuwa na sababu yake.

Huko Shanghai, kiwanda cha kalamu cha Huafu kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1931. Mwaka 1958 wafanyakazi wake walijiwekea shabaha ya kuifikia Parker kwa ubora, na tunda la juhudi hizo likawa kalamu iitwayo Hero 100. Mwaka 1966 kiwanda chenyewe kikachukua jina la Hero, kwa Kichina Yingxiong, yaani Shujaa. Katika miaka hiyo ya 1970, sehemu ya gharama za ndani za ujenzi wa reli ya TAZARA ililipiwa kwa mauzo ya bidhaa za China nchini Tanzania na Zambia, na bidhaa za nchi hiyo zikazidi kuzoeleka katika maduka ya eneo letu.

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapopaswa kupima maneno. Tunapomwita mwanasesere "mtoto wa bandia", hatumlaumu aliyemtengeneza, kwa kuwa mtoto achezaye naye anajua kwamba hana uhai. Lakini "fedha za bandia" ni jinai, kwa kuwa azipokeaye hajui. Neno ni moja. Kinachotofautiana ni kudanganya na kutodanganya. Kalamu iliyoandikwa HERO kifunikoni, hata ikifanana sana na Parker, inakiri jina la aliyeitengeneza. Huo ni mwigo. Kalamu iliyoandikwa jina la Parker na mtu asiye Parker ni ghushi. Mimi hukusanya za kwanza.

Hata hivyo, mkusanyaji hasalimiki. Hero 616 ilipopata sifa, nayo ikaghushiwa. Ninayo moja niliyoinunua kwa mchuuzi: maandishi yake yamechorwa ovyo, na kifuko chake cha mpira hakivuti wino. Hiyo ni mwigo wa mwigo, na imenifundisha maana ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tangu siku hiyo sinunui kalamu kabla ya kusoma chapa kwa makini, kuitazama nibu kwenye mwanga, na kuvuta maji safi ili nione kama inajaa na kama haivuji.

Kazi ya kuiga haikukoma. Wing Sung 601 hufuata Parker 51 ya zamani hata katika namna ya kuvuta wino. Jinhao 599 hufanana na Lamy Safari ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1980. Na Jinhao 159 hufuata umbo la Montblanc 149. Lakini mwigo una bei yake. Mwaka 2012 asilimia 49 ya hisa za kampuni ya kalamu ya Hero mjini Shanghai zilitangazwa kuuzwa kwa yuani milioni 2.5, kiasi kidogo mno kwa jina lililowahi kujulikana mbali hivyo. Tarakilishi na bolpeni zilichangia, hapana shaka. Lakini aliyejulikana kwa unafuu hushindwa siku apatikanapo aliye nafuu zaidi.

Basi, je, kuiga ni aibu? Mwanafunzi wa darasa la kwanza hujifunza kuandika kwa kuiga herufi ubaoni, na mshairi chipukizi hujifunza mizani kwa kufuata waliomtangulia. Hatuwakemei. Tunawakemea pale tu wanapotia majina yao chini ya kazi ya wenzao, au wanaporidhika kuiga maisha yao yote. Huafu walianza kwa kufuata, nao wakatia jina lao. Ndiyo sababu kalamu hizi za bei nafuu nazitunza, na ndiyo sababu madaftari ya wanafunzi wangu hadi leo huyasahihisha kwa mojawapo, iliyojaa wino mwekundu.