Kuzuia maambukizi katika uuguzi

Kuzuia maambukizi katika uuguzi ni jumla ya taratibu zinazofuatwa na muuguzi au mkunga ili vimelea vya maradhi visihame kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mhudumu, au kutoka kwa mhudumu hadi kwa mgonjwa. Njia ya kwanza ambayo vimelea hupitia ni mikono ya wahudumu wenyewe. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hufundishwa kunawa kabla ya kufundishwa kuchoma sindano.

Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuwa nayo alipolazwa. Kadiri ya taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022, kati ya wagonjwa 100 waliolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata walau ambukizo moja la namna hiyo. Kati ya 10 wanaolipata, 1 hufariki. Mtu aliyelazwa kwa kuvunjika mguu anaweza kufa kwa ugonjwa alioukuta wodini.

Historia

Ignaz Semmelweis (1818 - 1865), daktari kutoka Hungaria, alifanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna, Austria. Palikuwa na wodi mbili za wazazi: ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka 1846 homa ya uzazi iliua zaidi ya 11% ya wazazi katika wodi ya kwanza, lakini chini ya 3% katika ya pili. Wanawake wa mji walilijua jambo hilo, na wengine walisihi wasipelekwe ya kwanza.

Machi 1847 daktari mwenzake, Jakob Kolletschka, alikufa baada ya kukatwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Mwili wake ulionyesha mabadiliko yaleyale ya wazazi waliokufa. Semmelweis akatambua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima wazazi, kazi ambayo wakunga hawakuwa nayo. Mwezi wa Mei akaagiza kila mmoja anawe kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Vifo, ambavyo Aprili vilizidi 18%, Juni vilishuka hadi karibu 2%.

Hata hivyo wengi walimpinga. Bakteria zilikuwa bado hazijathibitishwa kuwa chanzo cha maradhi, tena si rahisi daktari kukubali kwamba mkono wake ndio ulioua. Semmelweis alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili, hoja yake ikiwa bado haijakubaliwa na wengi.

Wakati wa kunawa

WHO ilitoa mwaka 2009 mwongozo unaotaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayodai usafi wa hali ya juu, kama kufunga kidonda au kuweka kanula, baada ya kuwa katika hatari ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye, kama kitanda au meza yake. Huu wa mwisho ndio unaosahauliwa sana, kwa kuwa mhudumu hujiona hakumgusa mtu.

Kunawa kwa sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60, na kusugua kwa dawa yenye alkoholi sekunde 20 hadi 30. Alkoholi haifai ikiwa mikono ina uchafu unaoonekana: hapo ni lazima sabuni. Vidole gumba, ncha za vidole na sehemu iliyo chini ya pete hurukwa mara nyingi. Mahali pasipo na bomba, ndoo yenye koki au kibuyu chirizi hutosha, mradi maji yatiririke. Beseni moja la kunawia watu wengi, pamoja na taulo moja la kufutia, husambaza vimelea badala ya kuviondoa.

Glovu

Glovu hazichukui nafasi ya kunawa. Zinaweza kuwa na vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Mtu hunawa kabla ya kuzivaa na tena baada ya kuzivua. Kosa kubwa zaidi ni kuhudumia wagonjwa wawili kwa glovu zilezile: anayelindwa hapo ni mhudumu peke yake. Glovu za kupimia hazioshwi ili zitumike tena.

Huduma ya kila siku

Kazi zinazoonekana ndogo ni sehemu ya kinga. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa mara kwa mara, kwa desturi kila saa 2, kwa sababu kidonda cha kulalia ni mlango wa bakteria. Mfuko wa mpira wa mkojo hukaa chini ya usawa wa kibofu, lakini haulazwi sakafuni, na mpira hutolewa mara usipohitajika tena. Kinywa cha mgonjwa asiyejiweza husafishwa kila siku.

Sindano na damu

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, nchini Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), sindano 5 zilitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wa nje, nazo zilisuuzwa tu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Ebola ilienea kwa njia hiyo: watu 318 waliugua na 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walifariki.

Siku hizi sindano hutumika mara moja. Hairudishiwi kifuniko, bali hutupwa papo hapo katika sanduku la usalama, ambalo hufungwa likifika robo tatu. Damu iliyomwagika hufutwa kwanza, kisha mahali pale hutiwa klorini ya 0.5%, yaani sehemu 1 ya dawa ya 3.5% kwa sehemu 6 za maji.

Anayechomwa na sindano iliyotumika aoshe jeraha kwa sabuni na maji bila kulikamua, kisha atoe taarifa mara moja. Dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa kwa siku 28. Virusi vya homa ya ini aina ya B huambukiza kwa njia hiyo kwa urahisi zaidi kuliko VVU, lakini vina chanjo, ambayo mwanafunzi anapaswa kuipata kabla ya kuanza mafunzo ya wodini.